Vipimo Vinapopingana: Utatuzi wa Matatizo katika Kuunganisha Data za Asali, Maziwa na Kahawa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi wa maabara, mkaguzi wa ubora au mwanafunzi ambaye tayari ana vipimo vya aina mbili au tatu kuhusu chakula kilekile, amejaribu kuviunganisha ili aamue kama chakula hicho ni halisi au kimechakachuliwa, na sasa amekwama kwa sababu majibu hayaeleweki. Nimeupanga kwa dalili: kwanza kile unachokiona kwenye jedwali au kwenye skrini, kisha sababu zinazoweza kukileta na namna ya kuzichunguza. Mifano mingi ni ya hapa Uganda, lakini asali ya West Nile ikivuka mpaka wa Busia kuingia Kenya haibadiliki kuwa kitu kingine, na maabara za jirani zetu zinapambana na matatizo haya haya.

Sababu ya kuunganisha data ilionekana kwa uchungu nchini China mwaka 2008. Protini ya maziwa ilikuwa ikikadiriwa kwa kupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.38, njia ya miaka mingi ambayo hesabu yake haina kosa. Wachakachuaji wakatia melamini, kemikali ambayo asilimia 66 ya uzito wake ni nitrojeni, na maziwa yaliyoongezwa maji yakaonekana yana protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafa. Mashine zilisema kweli kuhusu kiasi cha nitrojeni, ila hazikuulizwa nitrojeni hiyo imetoka wapi. Kipimo cha pili kina faida pale tu kinapouliza swali ambalo cha kwanza hakikuliuliza, na jambo hilo linafaa kukumbukwa katika kila dalili inayofuata.

Dalili ya kwanza: vipimo viwili vinapingana kuhusu sampuli moja

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Mtu anaona kifaa kimoja kinasema "halisi" na kingine kinasema "si halisi", anachukua wastani wa alama zote mbili, anapata jibu la katikati na kuliandika kwenye ripoti. Tafadhali usifanye hivyo. Kupingana kwa vipimo ni habari, na mara nyingi ndiyo habari muhimu kuliko zote ulizonazo siku hiyo.

Anza kwa kuuliza kama vifaa vyote viwili vilipima kitu kimoja. Chukua chupa ya asali iliyokaa kabatini miezi mitatu, iinue kwenye mwanga, na utaona chini kuna tabaka nyeupe lililoganda kama sukari na juu kuna asali nyepesi inayotiririka. Ukichota kijiko cha juu kwa ajili ya kipimo cha unyevu, na mwenzako akachota cha chini kwa ajili ya kipimo cha sukari, mmepima vitu viwili, kwa maana glukosi inapoganda huyaacha maji kwenye sehemu iliyobaki, na unyevu wa juu hupanda ingawa hakuna aliyetia tone la maji. Dawa yake ni kuiweka chupa iliyofungwa kwenye maji ya nyuzi 40 hivi mpaka chembe ziyeyuke, kuikoroga taratibu bila kuingiza mapovu, kisha kugawa sampuli zote kwa mkupuo mmoja. Usiichemshe, kwa sababu joto kali huongeza hidroksimethilifurfurali, ambayo tunaiita HMF, na hapo utakuwa umetengeneza kwa mikono yako dalili ya asali mbovu.

Kwa mahindi na karanga, tatizo la sampuli ni kubwa zaidi. Sumu ya aflatoksini haisambai sawasawa gunia zima. Punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na 5 za aina ya B1, na Kenya iliposimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania mwezi Machi 2021 wafanyabiashara wengi waliguswa na suala hili. Mzigo mmoja unaweza kupewa majibu mawili tofauti katika maabara mbili. Konzi moja ya mahindi kutoka mdomoni mwa gunia haiwezi kuokolewa na hesabu yoyote itakayofuata. Toboa magunia mengi kwa bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia), juu, kati na chini, changanya, saga kilo kadhaa kwa pamoja, halafu ndipo uchukue gramu chache za kupima.

Sampuli ikiwa ni moja kweli, uliza kila kipimo kinaona nini na hakioni nini. Kwenye maziwa jambo hili liko wazi sana. Maziwa mazima ya ng'ombe huwa na uzito mahsusi wa karibu 1.030 na huganda karibu na nyuzi -0.525 za Selsiasi. Ukiyaongeza maji mpaka sehemu moja kati ya kumi iwe maji, laktomita, kifaa kinachoelea cha kupimia uzito mahsusi, itazama hadi karibu 1.027 na kiwango cha kuganda kitapanda hadi karibu -0.47, vipimo vyote viwili vinakubaliana, na kesi ni rahisi. Lakini mtu akiengua kwanza krimu, uzito mahsusi hupanda, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Akiongeza maji baadaye, laktomita hurudi palepale pa kawaida na mnunuzi akaridhika. Kiwango cha kuganda kitamkamata, na kipimo cha mafuta kitaeleza alifanya nini. Na aliyeongeza maji bila kuengua krimu akijaribu kurekebisha kiwango cha kuganda kwa chumvi, kiasi kidogo sana kinatosha kukirudisha mahali pake, ila hakitoshi kuirudisha laktomita, na upitishaji wa umeme wa maziwa utapanda. Kwa hiyo laktomita na kiwango cha kuganda vikipingana, usiulize ni kipi kibovu. Kwa pamoja vinakuonyesha njia aliyopita mchakachuaji.

Bila shaka kabla ya kumshuku mtu, hakikisha laktomita yenyewe imesomwa vizuri. Laktomita nyingine zimesanifiwa kwa nyuzi 15.5 na nyingine kwa nyuzi 20, na maziwa yanayofika kituoni kwenye mkebe nyuma ya bodaboda saa tatu asubuhi yana joto lake mwenyewe. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi pia yana hewa ndani yake na husomeka mepesi kuliko yatakavyosomeka baada ya saa chache.

Kwa asali, mpingano unaojirudia ni kati ya kipimo cha isotopu za kaboni, yaani aina za atomu za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, na vipimo vingine. Miwa na mahindi hujenga sukari kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki huitembelea, na sukari yake huwa na kaboni-13, ile iliyo nzito, nyingi zaidi. Kipimo rasmi hulinganisha kaboni ya asali nzima na kaboni ya protini iliyomo ndani ya asali hiyohiyo, ili protini iwe shahidi aliyekuwemo tangu mwanzo. Tofauti ikifika sehemu 1 kwa elfu, huchukuliwa kwamba sukari ya miwa au mahindi imefika kiasi cha asilimia 7. Ni kipimo kizuri sana, lakini sharubati ya mchele, ya kiazisukari au ya muhogo hupita mbele yake bila kuonekana, kwa sababu mimea hiyo hujenga sukari kama maua ya kawaida. Isotopu zikisema "safi" huku vimeng'enya viko chini kupita kiasi, chavua ni chache na uwiano wa sukari si wa asali, isotopu hazijadanganya. Zimejibu kuhusu miwa na mahindi peke yake.

Dalili ya pili: modeli inapata karibu kila kitu wakati wa kuijenga, kisha inashindwa kwa sampuli mpya

Nilipata somo hili katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi. Tulikuwa na sampuli 20 za asali, kila moja imepimwa mara tatu kwa infraredi (kifaa kinachopima namna sampuli inavyofyonza mwanga usioonekana kwa macho), kwa hiyo jedwali lilikuwa na mistari 60. Programu iligawa mistari hiyo kiholela, sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia, na modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano kutenganisha halisi na bandia, ikapata mtihani karibu wote. Tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu zilikuja sampuli mpya, na modeli ikawa inabahatisha. Sababu ilikuwa kwamba kipimo cha kwanza cha chupa fulani kilikuwa upande wa kufundishia na kipimo cha pili cha chupa hiyohiyo kilikuwa upande wa mtihani. Modeli ilikuwa imekariri chupa, haikujifunza asali.

Marudio yote ya sampuli moja lazima yakae upande mmoja. Ikiwezekana nenda mbali zaidi: acha nje msimu mzima au wilaya nzima, kisha uone kama modeli bado inasimama. Kusini mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba, na maua yanayofuata kila mvua hayafanani. Modeli iliyojengwa kwa mavuno ya msimu mmoja itakuja kuushangaa wa pili, na mshangao wake utauandika kuwa ni uchakachuaji.

Kuna sababu nyingine ambayo hujificha vizuri. Angalia daftari la maabara uone sampuli zilipimwa lini. Kama zote halisi zilipimwa Jumatatu, na zote ulizozichakachua mwenyewe kwa ajili ya mafunzo zilipimwa Ijumaa, modeli inaweza kuwa imejifunza kutofautisha Jumatatu na Ijumaa. Changanya mpangilio wa kupima tangu mwanzo. Na ili ujue kama modeli inajua kitu chochote, vuruga makusudi majina ya "halisi" na "si halisi", uyagawe kiholela kwa sampuli, ujenge modeli upya mara mia au zaidi. Kama majina ya uongo yanapata alama zinazokaribia za majina ya kweli, alama zako za kweli hazina thamani.

Dalili ya tatu: umeongeza kifaa cha pili, lakini jibu halikubadilika hata kidogo

Mara nyingi hapa kosa liko kwenye mizani. Infraredi hutoa safu 1,500 kwa kila sampuli, na kipimo cha isotopu pamoja na madini kinatoa safu sita. Ukiyaweka mafungu haya mawili ubavuni kwa ubavuni ndani ya jedwali moja, hata kama kila safu umeigawa kwa mkengeuko wake sanifu (kipimo cha namna namba zake zinavyotawanyika), fungu la kwanza linaingia mkutanoni na kura 1,500 na la pili na kura sita. Sauti ya isotopu haitasikika, ingawa huenda ndiyo iliyokuwa na jibu.

Baada ya kusawazisha kila safu, igawe tena kwa kipeuo cha pili cha idadi ya safu za fungu lake, yaani kama 38.7 kwa safu 1,500 na kama 2.45 kwa safu sita. Hapo kila fungu litakuwa na uzito ulio sawa. Njia nyingine, ambayo mimi naipendelea sampuli zikiwa chache, ni kulifupisha kwanza fungu kubwa kwa uchanganuzi wa vijenzi vikuu (njia ya kukusanya safu nyingi zinazofanana ziwe chache), ukabaki na vijenzi vinne au vitano, kisha uviunganishe na zile safu sita. Ufupisho huo lazima ufanywe kwa sampuli za kufundishia peke yake, la sivyo umerudi kwenye dalili ya pili kwa mlango wa nyuma.

Ikiwa mizani ni sawa na jibu bado halibadiliki, pengine vifaa vyako viwili vinauliza swali lilelile. Infraredi mbili za masafa yanayokaribiana zitakubaliana daima, na kukubaliana kwao hakuongezi ushahidi wowote.

Dalili ya nne: baada ya kuunganisha, matokeo ni mabaya kuliko ya kifaa kimoja

Shuku mistari ya jedwali kabla ya kushuku hesabu. Fundi mmoja ameandika "K-017", mwingine "K17", na programu imeyapanga majina hayo kwa namna tofauti, ikaoanisha infraredi ya chupa moja na isotopu za chupa nyingine. Programu za majedwali pia hubadilisha majina zinayoyadhania kuwa tarehe: ukiipa asali ya Maracha alama ya "MAR1", jedwali linaweza kuisoma kama tarehe mosi Machi na kuiandika hivyo bila kukuuliza. Fanya safu ya majina iwe maandishi kabla ya kuingiza chochote, kisha chukua sampuli tano kwa macho yako na uzifuatilie kutoka kwenye lebo ya chupa hadi kwenye mstari wa mwisho wa jedwali.

Angalia pia namna yalivyoandikwa majibu yaliyo chini ya uwezo wa kifaa. Mmoja anaandika sifuri, mwingine anaacha wazi, wa tatu anaandika alama ya "chini ya". Kubalianeni njia moja na kuiandika kwenye utaratibu wa maabara. Na kwa maziwa, kumbuka saa: yaliyopimwa kwa kifaa cha kwanza asubuhi na kwa kifaa cha pili jioni bila kuwekwa kwenye baridi yamekwisha kuchachuka katikati.

Dalili ya tano: bidhaa ya kigeni inapewa asili kwa uhakika mkubwa

Tuseme umejenga modeli ya kutofautisha kahawa Arabika ya Elgon, ya Rwenzori na ya West Nile. Unaletewa kahawa ya nchi nyingine kabisa, na modeli inajibu bila kusita kwamba ni ya Elgon. Modeli za namna hii zimefundishwa kuchagua moja kati ya makundi matatu, na hazikupewa ruhusa ya kusema "hakuna hata moja". Kwa kazi ya uhalisi ni salama zaidi kujenga modeli ya kila kundi peke yake, yenye mpaka wake, ili sampuli iliyo nje ya mipaka yote ikataliwe. Modeli hizo hukataa pia baadhi ya sampuli halisi, na lazima useme wazi kwenye ripoti kiwango ulichokubali.

Kahawa ina mtego wake wa pekee. Robusta ni mti wa asili wa misitu yetu, tunaivuna kwa wingi kuliko Arabika, na bei yake ya kawaida kuwa chini ndiyo inayowashawishi watu kuichanganya ndani ya Arabika ya unga. Infraredi inaweza kugundua mchanganyiko huo, lakini pia inaona kiwango cha kukaanga na ukubwa wa chembe za unga, na mara nyingi huona hayo kwanza. Isaidie kwa alama za kemia zisizotegemea jiko: kafeini, ambayo ni karibu asilimia 1.2 kwa Arabika na 2.2 kwa Robusta, na kiambata cha 16-O-methilikafestoli, kilichomo kwenye Robusta na ambacho Arabika karibu haina. Kiambata hicho huvumilia moto wa kukaanga.

Dalili ya sita: majibu yanasogea kidogo kidogo mwezi hadi mwezi

Weka chupa moja ya rejea ya bidhaa hiyohiyo, na uipime kila baada ya sampuli kumi. Ikiwa nayo inasogea, tatizo ni la kifaa: taa imechoka, chumba kina unyevu, au umeme ulikatika na kifaa kikaanza kupima kabla ya kupata joto lake. Ikiwa imetulia, basi bidhaa sokoni ndiyo iliyobadilika, na ni wakati wa kuongeza sampuli mpya halisi kwenye modeli.

Dalili ya saba: alama ya jumla ni nzuri, lakini kipimo kimoja kinatisha

Hapa sina ubishi wowote wa kitaalamu. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa wilayani Kabale baada ya kunywa waragi (pombe kali ya Uganda) yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Waragi ya namna hiyo inaweza kuwa na kiwango sahihi cha pombe, rangi sahihi na infraredi inayofanana sana na ya waragi nzuri, na alama ya jumla ikatoka juu. Methanoli, aflatoksini na dawa za kuua wadudu zisiingizwe kamwe kwenye wastani wa kitu chochote. Ziwekee mpaka wake peke yake, na sampuli inayouvuka ikwame hapohapo hata kama vipimo vingine vyote vinaisifu.

Dalili ya nane: modeli inamtia hatiani mtu ambaye hakuchakachua

Mzee mmoja alileta asali yake kutoka kaskazini, na HMF ilikuwa juu ya miligramu 40 kwa kilo. Modeli iliyojengwa kwa asali ya nchi za baridi iliita hiyo asali bandia. Viwango vya Codex, vya kimataifa vya chakula, vinaruhusu hadi miligramu 80 kwa asali ya nchi za joto, kwa kuwa jua la barabarani na bati la ghala vinatosha kuipandisha bila mkono wa mtu. Unyevu uliozidi asilimia 20 vilevile unaweza kumaanisha tu kwamba masega yalivunwa kabla nyuki hawajayafunika. Hayo ni makosa ya ubora, yanarekebishika kwa mafunzo na ndoo yenye mfuniko, nayo hayafanani na kutia sharubati. Kwenye maziwa ni hivyohivyo: ng'ombe wa Ankole hutoa maziwa yenye mafuta mengi kuliko Friesian, na modeli iliyofundishwa kwa Ankole peke yake itamwita mfugaji wa Friesian mwizi wa krimu.

Kwa hiyo ripoti iwe na safu mbili, ya ubora na ya uhalisi, kila moja na vipimo vinavyoitegemeza vikitajwa kwa majina. Pale vipimo vinapoendelea kupingana baada ya hatua zote hizi, andika "haijabainika", eleza ni kipimo gani cha tatu kinachohitajika, na uhifadhi nusu ya sampuli kwenye baridi, imefungwa kwa lakiri na kutiwa saini na mwenye mali na fundi, mpaka kipimo hicho kifanyike. Mzee yule tulimwandikia hivyo, akarudi baada ya wiki mbili na chupa mpya iliyokingwa na jua, na HMF ikasoma 22.